Kinyama cha Saratani: Kutoka Chupa ya Formalini Hadi Herufi za DNA

Kinyama cha saratani kinachokatwa hospitalini leo hupitia hatua zilezile zilizowekwa Ulaya katika karne ya 19. Hutumbukizwa kwenye formalini, huondolewa maji kwa alkoholi, hulowekwa katika nta ya parafini iliyoyeyushwa, kisha hukatwa vipande vyembamba vya mikromita tatu hadi tano na kupakwa rangi ili kisomwe kwa hadubini. Utaratibu huo ulibuniwa kwa ajili ya jicho. Waliouanzisha walitaka seli ibaki na umbo lake, kiini kionekane, na mpaka kati ya uvimbe na nyama nzima usipotee, na kwa kazi hiyo haujapata mshindani hadi leo. Karibu miaka mia moja baadaye madaktari walianza kudai kitu kingine kutoka kwenye nyama ileile, yaani mpangilio wa DNA yake. Vipimo vya jeni za saratani vilikua, kwa sehemu kubwa, kadiri maabara zilivyojifunza kusoma DNA iliyokwisha kujeruhiwa na dawa ya kuihifadhi.

Kabla ya formalini, wataalamu wa tishu walitegemea alkoholi, asidi ya kromiki na chumvi za zebaki. Alkoholi hugandisha protini haraka, lakini hunyonya maji na kuisinyaza nyama. Chumvi za zebaki huchora viini vya seli kwa uzuri wa kupendeza, ila ni sumu na huacha chembe nyeusi kwenye slaidi. Matumizi ya parafini kushikilia tishu laini ili iweze kukatwa yalielezwa na Edwin Klebs mwaka 1869. Mwaka huohuo, mjini Tübingen, Friedrich Miescher alitenga kutoka kwenye viini vya seli za usaha kitu alichokiita nukleini, ambacho leo tunakijua kama DNA. Nta na DNA ziliingia katika sayansi kwa pamoja, bila ya mmoja wa watu hao wawili kuwa na sababu ya kuzihusisha.

Formaldehidi yenyewe ilikuwa imekwisha kutajwa na mkemia Mrusi Aleksandr Butlerov mwaka 1859, na August Wilhelm von Hofmann akaitambua rasmi miaka michache baadaye. Kwa muda mrefu haikuwa na kazi kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 viwanda vya kemikali vilianza kuiuza kama dawa ya kuua vijidudu, na daktari Ferdinand Blum wa Frankfurt akapewa kazi ya kuijaribu. Alipokuwa akiishika kila siku, aliona ngozi ya ncha za vidole vyake imekuwa ngumu, kama inavyokuwa kwa mtu anayeshika alkoholi kali muda mrefu. Alichukua panya aliyekufa kwa kimeta, akamtia kwenye myeyusho huo, na nyama ya panya ikakauka na kukaza bila kusinyaa sana. Mwaka 1893 alichapisha matokeo yake. Kipimo alichokitumia, sehemu moja ya myeyusho wa asilimia 40 kwa sehemu tisa za maji, ndicho kile maabara zinachokiita mpaka leo formalini ya asilimia 10. Blum aliishi hadi 1959, miaka sita baada ya umbo la DNA kufumbuliwa mjini Cambridge.

Formalini ilienea kwa sababu zinazoeleweka: ni rahisi kwa bei, hupenya haraka, hukubali karibu kila rangi, na nyama iliyosahaulika ndani yake kwa wiki nzima bado husomeka. Dawa nyingine hazikutoweka. Mchanganyiko wa Zenker wenye zebaki ulikuja 1894, na wa Pol Bouin, wenye asidi ya pikriki, 1897. Vituo vingi vya Ulaya na vya makoloni vilipenda Bouin kwa jinsi inavyoonyesha viini, na uamuzi huo mdogo wa ladha ulikuja kuwa na gharama kwa vizazi vilivyofuata.

Kinachotokea ndani ya chupa ni hiki. Katika maji, sehemu kubwa ya formaldehidi hugeuka kuwa methileni glaikoli, umbo linalopenya tishu upesi lakini lisiloshikana na chochote. Ni sehemu ndogo tu inayobaki tayari kushikana na protini, na sehemu hiyo hutumika na kujazwa tena polepole. Ndiyo maana formalini hufika mahali mapema na kufanya kazi kwa kuchelewa. Kipande cha titi kilichokaa saa mbili kwenye formalini kimelowa bila kuhifadhika, na sehemu yake ya katikati huja kuhifadhiwa na alkoholi ya hatua inayofuata. Katika miaka ya 1940 Heinz Fraenkel-Conrat na wenzake walieleza jinsi formaldehidi inavyojenga madaraja ya methileni kati ya protini na protini, na wakaonyesha kwamba baadhi ya madaraja hayo huvunjika kwa joto kali. Kwa muda mrefu wasomaji wa makala hayo walikuwa wanakemia. Wapatholojia hawakuona yanawahusu.

DNA nayo hufungwa kwa madaraja hayohayo, ikishikamanishwa na protini zinazoizunguka. Zaidi ya kufungwa, hukatika. Formalini isiyotiwa bafa, yaani kemikali ya kuzuia asidi isizidi, hubadilika taratibu kuwa na asidi ya fomiki, na asidi hung'oa baadhi ya herufi za DNA kutoka kwenye uti wake, mpaka uti wenyewe ukavunjika. Tena kuna jeraha la tatu, lililo dogo kwa umbo na kubwa kwa madhara: herufi C, sitosini, hupoteza kundi lake la amino na kugeuka urasili. Mashine inaposoma urasili huisoma kama T. Katika karne nzima ya hadubini jambo hilo halikumsumbua mtu, kwa kuwa hakuna rangi inayolionyesha.

Upande wa pili wa suala hili ulionekana Afrika Mashariki mapema. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto. Anthony Epstein alimsikia akihutubia London mwaka 1961, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe huo, na vikaanza kusafiri kwa ndege kutoka Uganda bila kutiwa formalini, kwa sababu alitaka seli hai. Mara nyingi kazi haikuzaa kitu. Desemba 1963 ndege moja ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na kipande kilipofika maabara kimiminika chake kilikuwa cha mawingumawingu. Ilidhaniwa kimeingiwa na bakteria. Kilipowekwa chini ya hadubini, mawingu yale yalikuwa seli za uvimbe zilizojitenga na kuelea zikiwa hai. Kutokana na jitihada hizo, Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kirusi kilichokuja kuitwa Epstein-Barr. Kipande hichohicho kingetiwa kwenye formalini pale Mulago, kingemfaa mpatholojia na kisingemfaa Epstein hata kidogo.

Kwa hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgawanyo ulikuwa wazi. Mtafiti wa jeni alitaka nyama mbichi au iliyogandishwa, na bloku za nta, yaani nyama iliyokwisha kushikwa ndani ya parafini, zilibaki mali ya mpatholojia, zikirundikana kwenye makabati. Tatizo ni kwamba nyama iliyogandishwa ilikuwa chache na changa, ilhali bloku zilikuwa mamilioni, kila moja ikiwa na jina la ugonjwa na mara nyingi habari za mgonjwa aliishia wapi. Mwaka 1985 Susan Goelz, Stanley Hamilton na Bert Vogelstein wa Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha njia ya kutoa DNA kutoka kwenye bloku: kuyeyusha nta, kuilowesha nyama kwenye kimeng'enya kinachokula protini, na kuacha muda ufanye kazi yake. DNA iliyotoka ilitosha kwa vipimo vya wakati ule, ingawa ilikuwa imekatikakatika.

Miaka hiyohiyo ilikuja PCR ya Kary Mullis, inayonakili kipande kifupi cha DNA mara mamilioni. Ilifaa bloku za nta kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Vipimo vya zamani vilihitaji DNA ndefu. PCR hutosheka na kipande cha herufi mia moja au mia mbili, na hicho ndicho kipimo cha kawaida cha DNA inayotoka kwenye nta. Mwaka 1988 kirusi cha papiloma kilikuwa kimeonyeshwa ndani ya bloku kwa njia hiyo. Mwaka 1991 Catherine Greer na wenzake walilinganisha dawa kumi na moja za kuhifadhi, na jibu lao liliwagawa wapatholojia wa zamani na wa sasa: asetoni na formalini yenye bafa zilifaa, wakati michanganyiko ya Zenker, Carnoy na Bouin ilivuruga PCR vibaya. Walionyesha pia kwamba muda una uzito wake. Nyama iliyokaa siku nyingi kwenye dawa ilitoa vipande vifupi zaidi kuliko iliyokaa siku moja.

Mwaka huohuo wa 1991 Shan-Rong Shi, aliyekwisha kuyasoma makala ya Fraenkel-Conrat, alichemsha slaidi kwenye maikrowevu na kugundua kwamba protini nyingi zilizofichwa na formalini zilirudi kuonekana. Joto likawa ufunguo wa protini na wa DNA pia. Katika utoaji wa DNA wa siku hizi, vipande vya mikromita kumi husafishwa nta kwa zailini, huoshwa kwa alkoholi, hukaa na kimeng'enya kwa nyuzi 56 hadi nyama iyeyuke kabisa, kisha hupandishwa hadi nyuzi 90 kwa muda wa saa moja ili madaraja yafunguke. Saa hiyo moja ikirukwa, kipimo huweza kushindwa hata kama DNA imejaa kwenye kichupa.

Mafanikio makubwa ya kwanza yaliyovuta macho ya umma hayakuhusu saratani. Mwaka 1997 Jeffery Taubenberger na wenzake wa taasisi ya patholojia ya jeshi la Marekani walitangaza sehemu za jeni za kirusi cha homa ya mafua ya 1918, kutoka kwenye mapafu ya askari yaliyohifadhiwa kwa formalini na nta kwa karibu miaka themanini. Mwaka 2008 kundi la Michael Worobey lilisoma virusi vya UKIMWI kutoka kwenye tezi la limfu la mwanamke wa Kinshasa, iliyokuwa ikiitwa Léopoldville, lililokatwa mwaka 1960 na kutiwa kwenye Bouin, dawa ileile iliyoonywa mwaka 1991. Vipande walivyopata vilikuwa vifupi mno, na ilibidi viunganishwe kimoja baada ya kimoja. Mwaka 2020 watafiti waliopitia sampuli 1,645 za Kinshasa za miaka 1958 hadi 1966 walipata moja, ya 1966, iliyotoa karibu jenomu nzima ya kirusi. Uwiano huo wa moja kwa zaidi ya elfu moja na mia sita unaonyesha ugumu wa kazi, ingawa sampuli nyingi hazikuwa na kirusi tangu mwanzo.

Kwa saratani, swali ni gumu zaidi kuliko kwa virusi. Kirusi ama kipo ama hakipo. Katika saratani mpimaji hutafuta badiliko la herufi moja, tena huenda liko katika sehemu ndogo tu ya seli, huku formalini nayo ikitengeneza mabadiliko ya herufi moja. Mwaka 1999 watafiti wa Sweden, wakiongozwa na Cecilia Williams, walionyesha kwamba DNA kutoka kwenye vinyama vya formalini inaweza kutoa hadi badiliko moja la uongo katika kila herufi 500, na kwamba hali huwa mbaya kadiri seli zinavyopungua.

Sababu ya hilo ni hesabu tupu. Kipimo kikianza na nakala elfu kumi za jeni, nakala moja iliyojeruhiwa hupotea katikati ya nzima. Kikianza na nakala ishirini zilizonusurika, moja iliyojeruhiwa ni asilimia tano ya zote, na asilimia tano ndicho kiwango ambacho maabara nyingi hukihesabu kuwa badiliko halisi. Mashine haisemi uongo. Inasoma kwa uaminifu herufi ambayo mgonjwa hakuwa nayo alipokuwa mezani.

Suala hilo lilibaki la watafiti hadi matibabu yalipoanza kutegemea majibu. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa ya trastuzumab kwa saratani ya matiti yenye jeni ya HER2 iliyozidi. Mwaka 2004 makundi mawili ya Boston yaligundua kwamba saratani za mapafu zinazoitikia dawa ya gefitinib zina mabadiliko kwenye jeni ya EGFR. Baada ya hapo zikafuata jeni za KRAS kwa saratani ya utumbo mpana na BRAF kwa melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Ghafla bloku za nta, ambazo ziliandaliwa na mafundi wasiojua kwamba DNA itatakiwa, zikawa ndizo zinazoamua nani apewe dawa ya gharama kubwa.

Mabadiliko haya hayaathiriwi kwa usawa, na hapa ndipo mpimaji mzoefu hutofautiana na mgeni. Badiliko maarufu la BRAF, V600E, ni la T kuwa A, aina ambayo formalini haiitengenezi kwa urahisi. Likionekana, mara nyingi lipo kweli. T790M ya EGFR, inayofanya saratani ikatae gefitinib, ni la C kuwa T, jeraha lenyewe la formalini. Haishangazi kwamba ripoti za T790M kwa wagonjwa ambao hawajawahi kumeza dawa hiyo zilitiliwa shaka, na baadhi yake zilipopimwa upya kwa uangalifu zikaonekana ni kazi ya chupa. G12D na G13D za KRAS ni za G kuwa A, ambalo ni jeraha lilelile likisomwa kutoka uzi wa pili wa DNA.

Dawa ya jeraha hilo ilitoka mahali pa zamani. Mwaka 1974 Tomas Lindahl alikuwa amegundua kwenye bakteria kimeng'enya kinachoondoa urasili kutoka kwenye DNA, na kazi yake ya urekebishaji wa DNA ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 2012 Hongdo Do na Alexander Dobrovic wa Melbourne walionyesha kwamba kukitia kimeng'enya hicho kwenye DNA ya nta kabla ya PCR kunapunguza sana mabadiliko ya uongo, kwa kuwa uzi wenye urasili hukatwa na haunakiliwi tena. Njia hiyo ni nafuu na sasa imeenea, ila ina tundu moja. Sitosini nyingine huwa na kundi la methili, hasa pale C inapotangulia G, na zikipoteza amino hugeuka timini moja kwa moja, si urasili. Kimeng'enya huzipita bila kuziona. T790M iko kwenye nafasi ya namna hiyo, na nafasi nyingi zenye sifa mbaya za jeni ya TP53 pia. Njia za kuweka alama kila nakala na kulinganisha nyuzi zote mbili za DNA zimejaza sehemu ya tundu hilo, kwa gharama.

RNA, nakala ya jeni inayotumiwa na seli, iko katika hali mbaya zaidi kuliko DNA, kwa kuwa hukatika tangu damu inapokoma kuingia kwenye nyama. Hata hivyo kipimo cha jeni 21 za saratani ya matiti kilichotangazwa mwaka 2004 kilijengwa kwa RNA ya bloku za nta, kwa kuchagua vipande vifupi tu vya kusoma. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba kipimo kikibuniwa kwa kukubali udhaifu wa nta tangu mwanzo kitafanikiwa, wakati kipimo cha nyama mbichi kilicholazimishwa kwenye nta hushindwa.

Miradi mikubwa ya jenomu ilichukua njia nyingine. Atlasi ya jenomu za saratani ya Marekani, iliyoanza 2006 na kufikia wagonjwa zaidi ya 11,000, ilidai nyama iliyogandishwa. Uingereza, kwenye mradi wake wa jenomu 100,000, ilijaribu kwanza vinyama vya formalini, ikakuta kusoma jenomu nzima kutoka humo kunatoa data isiyotulia, hasa katika kuhesabu nakala za jeni, ikaamua hospitali zijifunze kugandisha. Uamuzi huo ulihitaji friza, nitrojeni ya kimiminika, na mtu wa kupokea kinyama mlangoni pa chumba cha upasuaji wakati wowote. Kwa jenomu nzima ulikuwa uamuzi sahihi, lakini haukuifuta formalini: mpatholojia bado alihitaji slaidi ili aseme ugonjwa ni nini. Dawa mpya zisizo na formaldehidi zimebuniwa pia, nyingine zikihifadhi DNA vizuri kuliko formalini, lakini kila moja hubadilisha kidogo sura ya seli, na mpatholojia aliyezoea sura moja kwa miaka thelathini hana sababu ya kuikaribisha nyingine.

Faida kubwa zaidi imetoka katika kutumia formalini ileile kwa nidhamu. Mwongozo wa Marekani wa HER2 wa 2007 ulitaka kinyama kikae kwenye formalini yenye bafa kati ya saa 6 na 48, na baadaye ukaongezwa hadi saa 72. Ulitakiwa pia muda wa kungoja kabla ya formalini uwe chini ya saa moja. Uvimbe mkubwa ukatwe vipande vya nusu sentimita hivi kabla ya kulowekwa, na dawa iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama. Mifupa iliyoingiwa na saratani ilainishwe kwa kemikali ya EDTA, kwa kuwa asidi kali inayolainisha mfupa kwa siku moja huimaliza DNA pamoja nao.

Katika hospitali za Afrika Mashariki masharti haya hukumbana na barabara. Kinyama kinachokatwa wilayani huenda kikakaa siku nyingi, hata wiki, kabla ya kufika maabara ya rufaa, mara nyingine katika formalini iliyochanganywa kwa maji ya bomba bila bafa, ndani ya chupa iliyojaa nyama kuliko dawa. Kituo cha saratani cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilipofunguliwa mwaka 2012 kilitegemea wapatholojia wa Boston kwa kuwapelekea bloku, hadi maabara yake ilipojiimarisha. Baadaye kipimo cha RNA cha saratani ya matiti kinachofanyika kwenye mashine ya GeneXpert, ileile inayotumika kwa kifua kikuu, kilijaribiwa kwa bloku za hukohuko. Kipimo kinachosoma vipande vifupi kwenye mashine iliyokwisha kuwepo ndicho chenye nafasi ya kweli katika mazingira hayo. Seli zilizovutwa kwa sindano nyembamba na kuhifadhiwa kwa alkoholi kwenye slaidi nazo hutoa DNA nzuri, jambo ambalo hospitali zenye sindano na zisizo na friza zinaweza kulitumia kuanzia sasa.

Pale ambapo kinyama kimeharibika kabisa, damu imekuwa njia ya pili, kwa kuwa uvimbe hutupa vipande vya DNA yake kwenye mzunguko bila kupitia formalini. Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha EGFR kwa plasma mwezi Juni 2016. Kikitoka chanya, mgonjwa hupewa dawa. Kikitoka hasi, maelekezo yake yanataka kinyama chenyewe kipimwe.